Mwongozo Kamili wa Kutibu Majeraha Madogo ya Nyayo na Vidole vya Chinchila

Mguu wa chinchila, mnyama mdogo mgugunaji mwenye manyoya mazito, ni mwembamba, lakini kazi yake ni kubwa. Mnyama mzima huwa na uzito wa kati ya gramu 400 na 700 hivi, majike kwa kawaida wakiwa wakubwa kuliko madume, naye huruka kutoka kibao hadi kibao kwa nguvu za miguu ya nyuma, kisha hutua juu ya nyayo zisizo na manyoya. Kucha zake ni ndogo na dhaifu, kwa hiyo hazimsaidii sana kidole kinaponaswa. Katika milima ya Andes ya Amerika Kusini, alikotoka, hutua juu ya miamba. Kizimbani hutua juu ya nyaya, mbao zilizolowa mkojo na vitambaa vilivyofumuka nyuzi. Ndiyo maana mikwaruzo, kucha zilizong'oka na nyufa za nyayo ni matatizo ambayo karibu kila mfugaji wa chinchila atakutana nayo, hasa ikizingatiwa kwamba mnyama huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20.

Mwongozo huu unahusu majeraha ambayo mfugaji mwangalifu anaweza kuyahudumia mwenyewe nyumbani. Sehemu yake kubwa inaeleza mambo ambayo kwa mtazamo wa haraka hayaonekani kuhusu mguu hata kidogo: tumbo la mnyama, sakafu anayoikanyaga, na dawa ambazo hazipaswi kumkaribia. Mkwaruzo mdogo kwenye unyayo wa chinchila mwenye afya hupona ndani ya wiki moja au mbili iwapo utabaki safi na mkavu. Kinachomwangamiza huwa ni kitu kingine, nacho ni kuacha kula kwa sababu ya maumivu au hofu, kulamba dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu, au kurudishwa juu ya sakafu ile ile iliyomjeruhi. Kwa maoni yangu, mfugaji mwenye huruma yumo katika hatari kubwa zaidi ya kutibu kupita kiasi kuliko ya kutibu pungufu.

Lipi ni jeraha dogo, na lipi ni la daktari

Jeraha dogo ni lile lililoishia kwenye ngozi ya juu au kwenye kucha, lisilo na uvimbe mkubwa wala harufu, na ambalo halijamzuia mnyama kukanyaga, kula na kunya kama kawaida. Hapa wanaingia mnyama aliyechubuka unyayo, aliyekatika kucha, aliyepata nyufa za ukavu, na yule ambaye uzi umemzunguka kidole ukagunduliwa mapema kabla kidole hakijabadilika rangi.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona hali itakavyokuwa, ukiona mguu unaning'inia au umeelekea upande usio wake, mfupa unaonekana, kidole kimekuwa cheusi, cha zambarau au baridi, kuna usaha, kuna tundu la jino la paka au mbwa hata likiwa dogo kiasi gani, au damu inaendelea kutoka baada ya dakika 10 za kukandamiza. Mdomo wa paka hubeba bakteria wanaoweza kumuua mnyama mdogo kabla dalili za nje hazijaonekana, kwa hiyo udogo wa tundu usikutulize. Muundi wa chinchila nao unahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa mfupa wake ni mrefu, mwembamba, na umefunikwa na nyama kidogo sana. Huvunjika kwa urahisi mguu unaponaswa kwenye waya wakati mnyama anajaribu kuruka. Chinchila anayechechemea bila kidonda kinachoonekana achukuliwe kuwa amevunjika hadi picha ya eksirei ithibitishe vinginevyo.

Kuhusu damu, kumbuka ukubwa wa mnyama. Damu yote ya mwilini ni takriban asilimia 6 hadi 8 ya uzito wake, maana yake ni kwamba chinchila wa gramu 500 ana mililita 30 hadi 40 tu. Kijiko kimoja cha chai cha damu iliyomwagika ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya damu yake yote, nacho ni kiasi cha kutosha kumpigia daktari simu hata kama damu imekwisha kukoma.

Vifaa vya kuweka tayari

Vifaa hivi vikusanywe kabla ya siku ya ajali, kwa sababu kumwacha mnyama anayetoka damu ili kwenda kutafuta pamba ni kupoteza dakika zenye thamani. Unahitaji vipande vya shashi safi, taulo dogo, sirinji isiyo na sindano ya kumwagia maji ya chumvi, kibano chenye ncha butu, mkasi mdogo wenye ncha za mviringo, tochi, kioo cha kukuzia, wanga laini wa mahindi, dawa ya kuulia vijidudu aina ya klorheksidini au ayodini ya povidoni, kopo la vaselini isiyo na manukato, na mizani ya jikoni inayopima gramu. Pamba ya kawaida haifai kugusa kidonda, kwa kuwa nyuzi zake hubaki ndani na kujizungusha kwenye vidole. Kama ningelazimika kubaki na kifaa kimoja kati ya hivi vyote, ningebaki na mizani, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Maji ya chumvi hutengenezwa kwa kuyeyusha gramu 9 za chumvi safi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, kiasi ambacho kwa nusu lita ni kijiko cha chai kisichojaa kabisa. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, na yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumgusa

Kaa mbele ya kizimba kwa dakika chache na umwangalie anavyotembea akiwa huru. Je, anaukanyaga mguu wote, anakanyaga kwa ncha, au ameukunja chini ya tumbo? Anashika chakula kwa mikono yote miwili? Chinchila hula akiwa ameketi na kushikilia tonge lake kwa vidole vya mbele, hivyo jeraha la kidole cha mbele mara nyingi huonekana kwanza katika ulaji, siyo katika mwendo. Tazama pia vibao, gurudumu la kukimbilia na kitambaa, utafute tone la damu, kwa kuwa mahali lilipo hueleza jeraha limetokana na nini. Uchunguzi huu haumgharimu mnyama chochote, nao hutoa habari ambazo hazipatikani tena akishaogopa.

Hatua ya pili: mshike bila kumtia hofu

Ni vizuri kuwa na watu wawili, mmoja wa kumshika na mwingine wa kuhudumia mguu. Pitisha kiganja kimoja chini ya kifua na kingine chini ya makalio, umwinue akiwa karibu na mwili wako, kisha umkalishe juu ya taulo mapajani. Usimkamate manyoya. Chinchila anayeshikwa kwa nguvu huachia fungu zima la manyoya mkononi mwa mshikaji, nalo huchukua miezi kadhaa kuota upya. Usimbane kifuani vilevile, kwa sababu mbavu zake ni laini na hupumua kwa shida akibanwa.

Taulo linaweza kumfunika mwili na macho huku mguu mmoja tu ukitolewa nje, lakini lisikae juu yake kwa muda mrefu. Manyoya ya chinchila ni mazito mno, nywele nyingi zikiota katika kila kinyweleo, na mwili wake hauna njia nzuri ya kutoa joto. Chumba kinachozidi nyuzi 25 za Selsiasi kinaanza kuwa hatari kwake hata akiwa ametulia. Fanya kazi katika chumba chenye ubaridi, na ujipangie kumaliza ndani ya dakika 10. Masikio yakiwa mekundu na ya moto, au akianza kuhema kwa mdomo wazi, acha kila kitu, umrudishe mahali pa baridi, na utafute ushauri wa daktari ikiwa hatulii haraka.

Hatua ya tatu: simamisha damu

Weka kipande cha shashi juu ya jeraha na ukandamize kwa kidole, kwa nguvu ya wastani, kwa dakika 3 hadi 5 mfululizo. Ugumu wa hatua hii ni subira, kwa maana kila unapofunua ili uone, unaling'oa donge la damu lililoanza kuziba na kazi inarudi mwanzo. Ikiwa damu inatoka kwenye kucha, chovya ncha yake katika wanga wa mahindi, kisha uendelee kukandamiza. Unga wa kukomesha damu unaouzwa kwa ajili ya kucha za wanyama nao hufaa, ila kwenye kucha tu. Ukiwekwa juu ya nyama iliyo wazi huchoma na kumtia mnyama uchungu bila sababu.

Hatua ya nne: safisha kwa maji kidogo

Vuta maji ya chumvi kwa sirinji na uyamwage polepole juu ya jeraha, ukiweka shashi chini ya mguu ili kuyanyonya, hadi uchafu, vumbi na vipande vya nyasi vitoke. Lengo ni kuosha unyayo na kidole peke yake. Manyoya yaliyolowa hadi kwenye ngozi hukauka kwa taabu sana, humtia mnyama baridi, na hutoa nafasi kwa ukungu kuota. Kwa hiyo kuutumbukiza mguu mzima kwenye bakuli ni jambo la kuepuka, labda kama daktari ameagiza. Manyoya yanayoingia kwenye kidonda yapunguzwe kwa mkasi wenye ncha za mviringo.

Dawa ya kuulia vijidudu hutumika mara moja baada ya maji ya chumvi ikiwa jeraha lilikuwa na uchafu, na ni lazima izimuliwe. Klorheksidini ya asilimia 2 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 40 za maji, yaani mililita 5 katika mililita 200, na iwe ile isiyochanganywa na sabuni. Ayodini ya povidoni ya asilimia 10 huzimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi iliyokolea kidogo tu. Ipake kwa shashi, isubiri dakika moja au mbili, iondoe kwa maji ya chumvi, kisha ukaushe kwa kugusa-gusa bila kusugua, hata kati ya vidole. Chochote kinachoachwa kwenye mguu kitaishia mdomoni mwa mnyama.

Haidrojeni peroksaidi na spiriti zibaki kabatini. Zote mbili huua vijidudu, lakini huharibu pia chembe changa zinazojenga ngozi mpya, na spiriti juu ya kidonda kibichi ni mateso. Mafuta ya mti wa chai, ambayo wengi huyaamini kwa kuwa yametokana na mmea, ni sumu kwa wanyama wadogo wanapoyalamba au yanapopenya kwenye ngozi.

Hatua ya tano: acha wazi

Kidonda kidogo kilichosafishwa na kukaushwa hakihitaji kupakwa kitu wala kufungwa. Najua kwamba ushauri huu ni mgumu kuufuata, kwa sababu mkono wa mtu anayependa mnyama hutamani kufanya jambo zaidi. Hata hivyo, bendeji kwenye mguu wa chinchila hudumu hadi meno yake yatakapoifikia. Akiimeza inaweza kuziba utumbo, na isipong'olewa hukaza mguu kadiri uvimbe unavyoongezeka, ukakata damu isifike kwenye vidole. Kola ya kuzuia kulamba humzuia pia kula na kumtia msongo mkubwa. Kola na bendeji ni vitu vya kuamuliwa na daktari aliyemwona mnyama kwa macho yake.

Hatua ya sita: kizimba cha kupumzikia

Mhamishe kwenye kizimba cha ghorofa moja kisicho na vibao vya kurukia, gurudumu wala sakafu ya waya. Tandika kitambaa cha flisi kisicho na nyuzi zilizofumuka, au karatasi nyeupe zisizochapwa wino, na ubadilishe kila siku, au mara mbili kwa siku kama panalowa. Vumbi la mbao na vipande vya randa huondolewa kwa muda huo, kwani hujishikiza kwenye kidonda kibichi. Weka maficho madogo, nyasi kavu tele, na chupa ya maji iliyoshushwa ili asilazimike kusimama kwa miguu ya nyuma ili kunywa.

Vumbi la kuogea, yaani lile ambalo chinchila hugaagaa ndani yake ili kusafisha manyoya, lisimamishwe hadi kidonda kifunge na kigaga kiwe kikavu, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7. Manyoya yatapoteza ung'avu kidogo, nayo yatarudi katika hali yake baada ya kuoga mara moja au mbili.

Kama anaishi na mwenzake, usiharakishe kuwatenganisha. Chinchila walioshikamana husononeka wakitengwa, na huweza kupigana wanaporudishwa pamoja baada ya siku nyingi. Waache pamoja ikiwa mwenzake hamsumbui, hakilambi kidonda na hakitafuni kigaga. Ikiwa ni lazima kuwatenganisha, viweke vizimba viwili ubavu kwa ubavu, kwa umbali usioruhusu meno kufika, na ubadilishane vitambaa vyao kila siku ili kila mmoja aendelee kuizoea harufu ya mwingine.

Hatua ya saba: fuatilia tumbo kuliko mguu

Chinchila huchachusha chakula chake katika utumbo mpana, kwa msaada wa bakteria wengi wanaotegemea nyasi kupita humo bila kukoma. Akiacha kula kwa saa kadhaa, mwendo wa utumbo hupungua, gesi hujaa, maumivu huzidi, na maumivu hayo humfanya asitake kula kabisa. Mzunguko huu unaweza kumuua mnyama ambaye mguu wake ulikuwa na mkwaruzo tu. Hapa ndipo mizani inapopata kazi. Mpime uzito kila siku saa ile ile, na uandike. Punguzo la asilimia 5, yaani gramu 25 kwa mnyama wa gramu 500, ni onyo la kuwasiliana na daktari. Saa 12 bila kula chochote ni dharura, na hapo haifai kusubiri asubuhi.

Chunguza kinyesi pia. Vipande vinavyotakiwa ni vikavu, vya mviringo mrefu, na vya ukubwa unaolingana. Vikipungua, vikawa vidogo, vikashikana au vikalainika, tumbo linakuambia jambo ambalo mguu hauwezi kukuonyesha. Dalili nyingine za maumivu ni kukaa kwa kujikunyata, macho kufumba nusu, kusaga meno, na kutojali mtu anapokaribia. Chinchila ni mnyama wa kuwindwa, naye kwa asili huficha udhaifu wake, hivyo yule aliyeanza kuonyesha maumivu waziwazi ameumia zaidi ya unavyodhani.

Mguu wenyewe utazamwe mara mbili kwa siku kwa tochi, bila kumshika inapowezekana, na upigwe picha mara moja ili ulinganishe. Wekundu hafifu siku ya kwanza na ya pili ni wa kawaida. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya pili, joto, harufu, au kigaga kinachoinuka kwa majimaji yaliyo chini yake ni maambukizi. Usaha wa chinchila huwa mzito, hautiririki, na kwa sababu hiyo jipu lake halikamuliki nyumbani. Linahitaji kufunguliwa na kusafishwa na daktari.

Majeraha yenye mahitaji ya pekee

*Kucha iliyokatika au kung'oka.* Kucha inayoning'inia kwa kipande kidogo inaweza kukatwa kwa mkasi ikiwa imekwisha kuachana na nyama. Ikiwa bado imeshika kwenye mzizi, usiivute, mwachie daktari. Kucha iliyong'oka yote hutoa damu nyingi mwanzoni na kuuma, lakini hupona vizuri kwa hatua zilizotangulia, na mara nyingi huota tena baada ya wiki kadhaa.

*Uzi au unywele uliozunguka kidole.* Hili ni jeraha dogo linalogeuka kubwa kwa saa chache, kwa sababu uzi hukaza, kidole huvimba, na uvimbe huo hukaza uzi zaidi hadi damu ikatike. Chini ya mwanga mkali na kioo cha kukuzia, pitisha ncha ya mkasi chini ya uzi upande wa juu wa kidole, ukate, kisha uufungue kwa kibano mzunguko baada ya mzunguko, ukihakikisha hakuna uliobaki ndani ya mkunjo wa ngozi. Ikiwa uzi umezama na hauonekani, usijaribu kuuchimba. Baada ya kuutoa, rangi inapaswa kurudi kuwa ya waridi ndani ya saa moja au mbili. Kidole kinachobaki cheusi au baridi huenda kimekwisha kufa, na daktari ataamua kama kikatwe. Chinchila asiye na kidole kimoja hutembea na kuruka bila shida inayoonekana.

*Kidole kilichonaswa na kuvimba.* Bila eksirei ni vigumu kutofautisha kidole kilichoteguka na kilichovunjika. Kwa vyote viwili msingi wa tiba ni mapumziko kwenye kizimba cha ghorofa moja, na kwa mvunjiko mapumziko hayo huendelea kwa wiki 3 hadi 4 pamoja na dawa ya maumivu itakayotolewa na daktari. Kufunga banzi nyumbani hakufai, kwa sababu zilizotajwa kuhusu bendeji.

*Nyufa na ukavu wa nyayo.* Hewa kavu mno na sakafu ngumu huifanya ngozi ya unyayo kuwa ngumu na kupasuka, hasa kisiginoni. Ikiwa hakuna damu wala wekundu, paka vaselini kwa unene wa utando tu, mara moja kwa siku, na umshike kwa dakika chache ili iingie kabla hajalamba. Mafuta mengi huvuta vumbi na uchafu, nayo hulainisha ngozi kupita kiasi hadi ipasuke upya. Baada ya siku 5 hivi utaona tofauti, na kama huioni, chanzo kiko sakafuni.

*Sugu nyekundu na vidonda vya kisigino.* Unyayo uliopoteza hali yake ya kawaida, wenye sugu nene, wekundu wa kudumu au kidonda cha mviringo kinachofunga na kufunguka tena, unaelekea kwenye ugonjwa wa uvimbe wa nyayo, ambao mara nyingi huhusisha bakteria Staphylococcus aureus. Husababishwa na waya, sakafu yenye mkojo, uzito uliozidi na kukaa bila mazoezi. Katika hatua ya wekundu bila kidonda, sakafu laini na kavu inaweza kuugeuza. Ngozi ikishafunguka, tiba ni ya daktari, nayo huchukua wiki au miezi, kwa sababu maambukizi yanaweza kufika kwenye kano na mfupa. Usiikate wala kuisugua sugu, kwani chini yake mara nyingi kuna nyama hai.

Dawa zisizopaswa kumkaribia

Dawa za jamii ya penisilini zinazomezwa, zikiwemo amoksilini na ampisilini, pamoja na klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini, huua bakteria wema wa utumbo wa chinchila na kuwapa nafasi bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao sumu yao huweza kumuua ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo, kidonge kilichobaki nyumbani baada ya mtu kuugua kisigeuzwe kuwa tiba yake, hata kikikatwa vipande vidogo namna gani. Ziko antibiotiki anazozivumilia, na daktari mwenye uzoefu wa panya-buku, sungura na wanyama wa aina hiyo anazijua pamoja na vipimo vyake.

Parasetamoli, ibuprofeni na aspirini zisitumike bila agizo la daktari. Marhamu za binadamu zenye antibiotiki kadhaa ndani yake, zenye dawa ya ganzi ambayo jina lake huishia kwa "-kaini", zenye steroidi, au zenye zinki kama zile za vipele vya watoto wachanga, zote hulambwa na kumezwa. Baadhi huvuruga bakteria wa utumbo, nyingine ni sumu moja kwa moja, na zenye steroidi huchelewesha kupona na kudhoofisha kinga. Kama daktari ataona marhamu inahitajika, ataandika ile inayofaa na kueleza ipakwe kwa kiasi gani.

Kumrudisha kwenye kizimba chake

Kabla hajarudi, kizimba kikaguliwe kwa mkono mtupu. Pitisha vidole juu ya kila kibao, kila kiungio cha waya na kila ukingo wa plastiki. Kinachokukwaruza wewe kitamkwaruza yeye. Sakafu ya waya ifunikwe kwa mbao zisizopakwa rangi wala dawa, kwa flisi, au kwa vigae, na kama sehemu yoyote itabaki na waya, matundu yake yasizidi sentimita 1.25 kwa 1.25, ili mguu usipenye. Changanya aina za nyuso, mbao hapa, kigae pale, kitambaa kwingine, ili uzito wake usikandamize sehemu moja ya unyayo usiku kucha. Gurudumu liwe na uso mzima usio na vijiti, na kipenyo kisichopungua sentimita 38. Lenye vijiti litolewe kabisa, kwa kuwa limekwisha kuvunja miguu mingi. Flisi iliyotafunwa na kuanza kutoa nyuzi ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mnyama yuko tayari kurudi pale ngozi mpya inapokuwa imefunga, kigaga kimeanguka chenyewe, uzito wake umerudi ulivyokuwa, na anaukanyaga mguu bila kusita. Kwa siku 3 za kwanza acha vibao vya chini tu, kisha uongeze vya juu kimoja kimoja. Gurudumu liwe la mwisho kurejeshwa, wiki moja baada ya vibao vyote, na baada ya usiku wa kwanza wa kulitumia umulike tena unyayo ule kwa tochi, kwa kuwa ngozi changa hufunguka mara nyingi zaidi kwa kukimbia kuliko kwa kuruka.